Jina Langu Lilikuwa Mbakisa

Mimi sibadilishani. Anayekuja kwangu mtaani Mangobo na kitambaa chake nimshonee, ajue hilo kabla hajakaa. Wapo wanaokuja na kuku kwapani, wapo wanaokuja na chupa ya mawese, na jirani mmoja fundi wa paa aliwahi kuniambia ataziba matundu ya mabati yangu nikimshonea mkewe nguo ya sikukuu. Mabati yalikuwa yanavuja kweli, na ndoo zilikuwa chini kila mahali. Nilimkatalia, nikaendelea kumwaga ndoo. Watu wa mtaa wanasema nina roho ngumu, na kwamba cherehani imenipa maringo. Waseme. Kubadilishana ninakujua kuliko wao wote, kwa sababu mimi mwenyewe nilibadilishwa.

Sokoni kwetu Kisangani kuna neno ambalo hata mtoto anayejifunza kusema analijua: mbakisa. Ni kile kidogo ambacho muuzaji anakuongezea juu ya ulichonunua. Umenunua fungu la nyanya, anakutupia moja ya ziada. Umenunua kopo la maharage, anachota tena kwa vidole na kukumiminia. Asipoongeza hajakuibia, lakini amekudharau, na kesho unapita mbele ya meza yake kama humjui. Kwa wanaobadilishana bila pesa, mbakisa ina uzito zaidi, maana hapo hakuna bei ya kuwaamulia. Huyu ana kwanga, ule mkate wa muhogo unaofungwa kwenye majani, yule ana samaki, wanatazamana. Mbakisa ndiyo inayosema kama wataonana tena wiki ijayo.

Mama yangu alikuwa mtu wa kwanga. Alilima muhogo nje ya mji, akauloweka, akautwanga, akaufunga na kuupika, na Jumamosi asubuhi alipanda toleka, zile baiskeli za kukodi, akavuka mji mzima hadi chini ya maporomoko, kwa Wagenya, wavuvi wa pale, kutafuta samaki. Huko alikuwa na mtu wake. Kila mwanamke wa kwanga alikuwa na mtu wake wa samaki, na haikuwa adabu kumruka ukaenda kwa mwingine. Mtu wa mama alikuwa mjane mnene mwenye sauti ya kuita wavuvi juu ya kelele za maji. Alikuwa na watoto wa kiume watupu. Wasichana alizaa, lakini hakubaki hata mmoja.

Mwaka niliozaliwa, askari walikuwa wamekaa kwenye barabara ya shamba letu. Mama aliingia shambani kwa kujificha, akang'oa muhogo ambao haujakomaa, na kwanga alizozifunga zilikuwa nyembamba kama vidole. Akanifunga mgongoni, nikiwa bado sijapewa jina, akaenda nazo. Mjane alizitazama zile kwanga, akamtazama mama, akatoa samaki mkubwa wa kulisha nyumba nzima. Huruma ilikuwa hiyo. Kisha akauliza, kwa mazoea tu, maana hakuna biashara inayofungwa bila kuuliza:

“Na mbakisa?”

Mama hakuwa na kitu. Hakuwa na hata fungu la pondu, yale majani ya muhogo, la kuongezea. Ndipo akageuza mgongo wake, akamwonyesha mimi.

“Mbakisa njo huyu. Ataitwa jina yako. Atakuwa ndoyi yako.”

Ndoyi ni wajina, na kwetu hilo si jambo la mzaha. Anayebeba jina lako ni kama wewe mwenyewe umeanza upya; unamvisha, unampa chakula akija, naye anakuheshimu na kukutumikia ukizeeka. Kumpa mjane asiye na binti mtoto wa kike mwenye jina lake ni kumpa zaidi ya kwanga za mwaka mzima. Mama alilijua hilo vizuri sana. Alipiga hesabu pale pale ukingoni mwa maji, na kila nikiirudia hesabu ile leo, sioni alipokosea.

Nyumbani hadithi hii ilisimuliwa kwa kicheko. Papa, yaani baba yangu, aliyekuwa akitengeneza baiskeli za watu wa toleka mbele ya nyumba, aliwavunja mbavu wageni nayo: “Huyu tulimutoa mbakisa.” Nami nilicheka pamoja nao, maana kila mtoto anapenda kusikia alivyozaliwa. Tena nilipata faida. Kwa kuwa nilibeba jina la mtu mzima, hakuna aliyeniita ovyo ovyo. Papa mwenyewe aliniita mama. Wadogo zangu walikatazwa kunipiga, kwa sababu wangekuwa wanampiga mwenye samaki. Ikifika sikukuu, mjane alituma kipande cha liputa, kitenge, nishonewe gauni, na nililivaa kanisani nikitembea polepole ili watu waone. Nilivikwa kilemba cha ukoka, na nilikipenda.

Nilipomaliza shule ya msingi nilifaulu. Nalisema bila kuona haya: nilifaulu kuliko watoto wote wa mtaa wetu, na mwalimu alikuja nyumbani kumwambia papa. Nilikuwa nimeshachagua sekondari, ile ya parokia, na nilikuwa nimeshaamua nitakuwa mwalimu, nikae mbele ya darasa na kuandika kwa chaki mpya. Wakati huo mama akaniita jikoni.

“Ndoyi yako, mugongo inamuuma,” akasema. “Uende umusaidie wakati ya vacances. Mwezi ya tisa utarudia kwa masomo.”

Hakuna aliyenilazimisha. Nilifunga nguo zangu kwenye liputa, nikapanda nyuma ya baiskeli, nikaenda kwa ndoyi yangu nikiwa na furaha.

Watu wa mbali wanakuja maporomoko kupiga picha za ile mitego, vikapu vikubwa vya fito vinavyoning'inizwa kwenye nguzo katikati ya maji makali, na wanaume wanaoipanda bila kuogopa. Ni kweli ni jambo la kutazama. Hakuna anayepiga picha kibanda cha moshi. Mimi nilikaa kwenye kibanda cha moshi. Samaki wakiletwa nilikwangua magamba, nikapasua tumbo, nikaosha, nikawapanga juu ya uchaga, nikawasha kuni zilizolowa, nikageuza, nikangoja, nikageuza tena. Nywele zangu zilinuka, mkeka wangu ulinuka, na kanisani watoto wenzangu walisogea kidogo kwenye benchi nilipokaa.

Ningependa kusema mjane alikuwa mbaya, ingenirahisishia kazi. Hakuwa mbaya. Alikula na mimi sinia moja. Alinipigia kelele kama alivyowapigia wanawe, si zaidi. Kutwa nzima ilikuwa ndoyi, leta kuni. Ndoyi, geuza samaki. Ndoyi, kuja kula. Mchana akichoka alilala kifudifudi nimsugue mgongo kwa mawese ya moto, na alinihadithia wale wasichana wake waliokufa, mmoja mmoja, na jinsi kila mmoja alivyokuwa na vituko vyake. Mkwewe mmoja alikuwa na cherehani ya kuzungusha kwa mkono, akaniruhusu niijaribu, nikawa naweka viraka kwenye suruali za wavuvi. Huko ndiko nilikojua kwamba mikono yangu inaweza kazi nyingine.

Mwezi wa tisa ukafika. Watoto wa wavuvi walivaa mashati yao meupe wakaenda shule. Mama alikuja Jumamosi na kwanga zake, akaondoka na kikapu cha samaki wa moshi. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikamuuliza kuhusu masomo.

“Ngoja kidogo,” akasema. “Papa yako iko anatafuta.”

Nilingoja kidogo. Krismasi bado nilikuwa nangoja kidogo. Mwaka uliofuata, mdogo wangu wa kiume akaingia sekondari, ile ile ya parokia niliyokuwa nimeichagua, na mimi nikawa najiuliza papa alikuwa amepata wapi ada, wakati watu wa toleka walikuwa wameanza kununua pikipiki na baiskeli za kutengeneza zilikuwa zimekwisha mbele ya nyumba yetu. Jumamosi moja mama mwenyewe akalitoa mdomoni. Mkuu wa shule alikuwa anapenda samaki wa moshi, akasema, na alikubali kupelekewa kikapu badala ya ada. Alinieleza hivyo akicheka, akijisifu kwa ujanja wake, kama unavyomweleza mtu jambo la kumfurahisha. Samaki hao nilikuwa nimewageuza mimi. Nilisimama pale barabarani, mikono inanuka, nikatamani kumtukana mama aliyenizaa, nikamtwisha kikapu chake.

Hata hivyo niliamini kitu kimoja, na kitu hicho kilinisaidia kuamka kila asubuhi. Niliamini kwamba ni mjane aliyenishika. Mama alitaka kunirudisha nyumbani, nilijiambia, ila neno lilikuwa limeshatoka kinywani mwake siku ile ya kwanga nyembamba, na jina ukishalitoa huwezi kulidai tena. Nilimchukia mjane kwa ajili hiyo, kimoyomoyo, huku nakula naye. Siku akiniachia, niliwaza, nitakuwa nyumbani kabla ya saa sita, na shule nitaanza hata kama nitakuwa mkubwa kuliko wanafunzi wote darasani. Sikutaka kitu kingine. Nilitaka mjane aniachie.

Lazima nieleze jinsi walivyobadilishana pale ukingoni, maana ilikuwa na adabu zake. Wanawake wa kwanga walipanga mafungu yao upande mmoja, wa samaki upande wa pili. Hakuna aliyetaja kitu. Unasogeza fungu lako mbele kidogo. Mwenzako anaongeza samaki mdogo, au anajitia hamnazo na kutazama maji. Ukiokota samaki wake, mmekubaliana, na hapo ndipo maneno yanaanza, habari za watoto, habari za magonjwa. Kutaja pesa kabla ya hapo ilikuwa kama kutema mate ndani ya nyumba ya mtu. Wenye pesa walikuja baadaye, jua likishapanda, na walipewa samaki waliobaki.

Halafu akaja mama wa depo. Alitoka Kivu ya Kaskazini, upande wa Butembo, na alikuwa na duka la jumla katikati ya mji, mchele, chumvi, sukari, sabuni, na friji kubwa za kugandisha. Alikuwa mtu wa misa, na rozari yake ilikaa ndani ya mkoba pamoja na funguo za depo. Wafanyabiashara wengine wa mjini walikuja na pesa zao wakangoja jua lipande, wakilalamika. Yeye alisimama pembeni Jumamosi chache tu, akatazama, akaelewa. Kisha akaja asubuhi na chumvi na nyuzi za nailoni za kufumia nyavu, akapanga mafungu yake kwenye mstari wa wanawake wa kwanga, akasogeza mbele kidogo, akanyamaza. Wana wa mjane walimpenda siku hiyo hiyo. Kwanga inaliwa asubuhi, jioni unaisahau. Wavu unakaa.

Alikuwa mjamzito. Alipojifungua hakuonekana kwa muda, kisha akarudi na mtoto wa kike ndani ya shali nyeupe, na nyuma yake mwendesha pikipiki amembebea gunia la mchele. Nilikuwa ndani ya kibanda, lakini ukuta ulikuwa wa majani na nilisikia kila neno.

“Mama,” akamwambia mjane kwa Kiswahili chake cha kule kwao, “huyu tumemupa jina lako. Padri amekwisha kumubatiza. Ni ndoyi wako.”

Hakuna mtu aliyemfundisha. Aliitazama biashara yetu, akaona kilipokuwa kiungo chake, akakishika.

Mjane akalia. Sikuwahi kusikia analia; hata moshi ulikuwa haumlizi. Alimpokea yule mtoto, akaanza kuita kwa ile sauti yake ya kuitia wavuvi: “Ndoyi. Ndoyi yangu, ndoyi.” Nami nilitupa kuni chini, nikatoka mbio nikijifuta mikono, nikasema, “Niko hapa, mama.” Wote wakageuka kunitazama. Hakuna aliyekuwa ameniita. Nikasema nilikuja kuchukua maji, nikachukua ndoo, nikaenda mtoni kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Mtu anaweza kuwa na ndoyi wengi, hakuna katazo. Lakini samaki walikuwa wale wale, tena miaka hiyo walikuwa wanapungua. Mitego ilipandishwa mitupu, au na matawi na uchafu wa mji. Kidogo kilichopatikana kilikwenda kwenye friji za depo, na badala yake ulikuja mchele, sabuni, chumvi. Mimi nilikula mchele ule, sitasema sikuula. Yule mtoto aliletwa mara moja moja kumsalimu ndoyi yake, akiwa msafi, na mjane alimkalisha kwenye mapaja yake mbali na moshi. Kazi ya ndoyi ilibaki kwangu, na heshima ya ndoyi ikaenda kwake.

Ndipo ikaja Jumamosi ile. Mama alifika amechelewa, kwanga kichwani, jasho linamtoka. Jua lilikuwa limeshapanda na mama wa depo alikuwa amekuja na kuondoka. Mjane alimwekea samaki wachache, wadogo. Mama hakuwaokota. Aliketi chini, akanyoosha miguu yake, akawatazama. Mimi nilikuwa nakwangua magamba karibu nao, na wakaanza kuongea juu ya kichwa changu.

“Yaya,” mama akasema, akimwita kama dada yake mkubwa, “hii njo samaki ya kulisha nyumba?”

“Maji haitoe tena. Weye mwenyewe uko unaona.”

“Kwa mama ya depo, maji inatoa.”

Mama akaendelea, taratibu.

“Mutoto wangu iko hapa myaka. Anatafuta kuni, anachoma samaki, anakusugua mugongo. Mi sikukuombaka kitu juu ya ile kazi.”

“Anakula hapa,” mjane akasema. “Analala hapa. Malaria ilimushika, dawa nani alitoa? Ile liputa amevaa, nani alitoa?”

“Bon. Utoe chakula, utoe dawa, utoe liputa. Kazi ingine inabakia.”

“Inabakia nini? Alikuja hapa hajui hata kupasua samaki. Nani alimufundisha?”

Walinitoa na kunijumlisha hivyo kwa muda mrefu. Hawakupaza sauti. Walikuwa wanawake wawili wanaoijua kazi yao, na kazi yao ilikuwa kukadiria vitu visivyo na bei. Sahani nilizokula ziliwekwa upande mmoja, mizigo yangu ya kuni upande mwingine. Kila mmoja alipokwama, alikumbuka kitu kipya cha kuweka kwenye fungu lake, homa yangu fulani, ndoo niliyovunja, siku nilizokesha mjane alipougua. Mungu anisamehe, nilisikiliza kwa hamu. Nilitaka mama ashinde. Nilikuwa najivunia jinsi alivyonijua vizuri.

Mwisho mjane alichoka. Akapunga mkono.

“Alors, umuchukue,” akasema. “Mutoto ni wako. Sikukatazi. Umuchukue leo, muende naye kwenu, na mimi na weye tubakie bila maneno.”

Nilisimama na kisu mkononi. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshafunga nguo zangu, nimeshapita kibanda cha moshi bila kutazama nyuma, niko nyuma ya baiskeli, mama mbele yangu. Neno nililolingoja miaka yote lilikuwa limesemwa na yule niliyedhani hatalisema kamwe, tena bila kudai chochote. Nikamtazama mama. Hakuhitaji hata kusema. Angenyoosha mkono tu.

Mama hakunitazama. Alikuwa anatazama wale samaki wadogo. Akasema, kwa sauti ya chini, sauti yake ya sokoni:

“Hapana, yaya. Abakie. Utuongezee tu kidogo.”

Mjane alinigeukia. Ni yeye aliyeona haya siku ile. Nilimwona akikwepa macho yangu. Akainuka kwa shida ya mgongo wake, akaingia kibandani, akarudi na samaki mkubwa wa moshi ambaye nilijua alikuwa amewekewa mama wa depo, akamlaza juu ya fungu. Mama akawaokota wote. Akawafunga, akasema merci, akajitwisha. Alipopita karibu yangu aliniambia nimsikilize ndoyi yangu na nisiwe na kichwa ngumu.

Siku ninayoikasirikia ni hiyo. Siku ya jina siikasirikii. Mwanamke mwenye njaa, na mtoto mgongoni, na askari barabarani, anasema lolote, na mimi ningesema. Lakini siku ile aliambiwa anichukue bure. Nilitolewa bure mbele ya macho yake, naye akaona afadhali samaki mmoja zaidi. Tangu hapo siku nyingi zimepita na nimejaribu kulitafutia jambo hili jina lililo laini, sikulipata.

Nilibaki; ningekwenda wapi? Nilibaki mpaka mjane alipokufa. Nilimwogesha alipokuwa hawezi kusimama, nilimlisha uji, na siku zake za mwisho alikuwa ananiita kwa majina ya wale wasichana wake, mmoja baada ya mwingine, na mimi niliitika yote. Kwenye kilio mama wa depo alileta mchele na vinywaji vya kuwatosha watu. Binti yake alikalishwa mbele pamoja na wajukuu, ndoyi wa marehemu, gauni jeupe, soksi nyeupe. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba napikia waombolezaji. Simlaumu yule mtoto. Naye alikuwa ametolewa bila kuulizwa, ila yeye walimtoa akiwa na soksi.

Kilio kilipokwisha niliondoka kwa miguu. Nilirudi Mangobo lakini sikurudi nyumbani. Nilikwenda kwa mama mmoja mshonaji, nikamfagilia chumba chake cha kazi, nikambebea maji na kumpigia pasi, naye akanifundisha kukata na kushona. Ndiyo mara yangu ya mwisho kubadilishana na mtu. Cherehani yangu niliinunua, ilikuwa kuukuu na mguu wake mmoja umeungwa, lakini niliinunua kwa noti, na aliyeniuzia hanijui wala simjui, na hakuna siku atakuja kuniambia tulikuwa nani kwa nani.

Na mama? Mama anakuja. Watu wasidhani tuligombana. Anakuja, anakaa kwenye benchi la wateja, ananisimulia habari za ndugu yangu ambaye sasa ni mwalimu kule Yangambi, anavyokaa mbele ya darasa. Wateja wakiuliza kwa nini nina jina la kibibi namna hii, yeye ndiye anayejibu kabla yangu. “Huyu tulimutoa mbakisa,” anasema, na wateja wanacheka. Halafu anaongeza kipande kingine, alichokitunga mwenyewe, nisichojua alikitunga lini: kwamba nilipoitwa nirudi nyumbani nilikataa, kwa sababu nilipenda samaki kuliko mama yangu. Wanacheka tena. Mimi nakanyaga cherehani, macho makavu.

Mwaka huu nimezaa mtoto wa kike. Mume wangu, mtu wa pikipiki, mpole, aliniambia jina nichague mimi. Mama alikuja na papa siku ya pili. Papa alikaa mlangoni kwenye kiti. Mama aliingia ndani, akachemsha maji, akanikanda, na sitasema alinikanda vibaya. Mikono yake inajua. Kisha akamchukua mtoto, akamgeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha.

“Huyu njo ndoyi yangu,” akasema. “Niko nangoja tangia zamani.”

“Hapana, mama.”

Akacheka, akadhani ni utani. Alipoona sicheki, akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

“Juu ya nini?”

“Siku ile kule kwa maji, yaya alikuambia unichukue,” nikasema. “Ulimusikia?”

“Nilimusikia.”

“Juu ya nini hukunichukua?”

Hakushtuka. Nadhani alikuwa na jibu lake tayari miaka mingi, akashangaa tu kwamba nilichelewa kuuliza. Aliendelea kumpapasa mtoto mgongoni.

“Papa yako alikuwa hana kazi,” akasema. “Ndugu yako alikuwa ku masomo. Wadogo zako walikuwa wananingoja na sahani. Ningekuchukua, ni kinywa ingine, na samaki inakatika. Donc tungekula nini? Weye ulikuwa unashiba kule, benzako walikuwa wanashiba huku.” Akamfunika mtoto vizuri. “Na ile samaki yenye nilikuwa nabeba, mi sikuiweka ndani ya kinywa hata siku moja. Uulize papa yako.”

Nikamtazama papa pale mlangoni. Alikuwa anatazama miguu yake.

“Njo vile,” akasema. “Alikuwa anakula pondu.”

Nilimwamini. Jina sikumpa.